Kutoroka na Kurudi Jumapili

Jumatano, 1 Oktoba 1997. Kakuma.

Darasa jipya limeanza leo. Wote ni watu wazima, wengi Wasudani, waliokwisha kukubaliwa kwenda kuishi Marekani, na kazi yangu ni kuwaeleza Marekani ilivyo kabla hawajapanda ndege. Mimi mwenyewe sijafika. Kwetu ni Wundanyi, milima ya Taita, na mbali kabisa nilikowahi kufika maishani ni hapa nilipo. Jiko la umeme nalifundisha kwa katoni ya sabuni niliyoichora vitufe. Nyadak, aliyekuwa akisafisha darasa muhula uliopita na leo ameketi mbele kama mwanafunzi, aliuliza kama jiko hilo linatoa moshi. Nikasema halitoi. Akaniuliza, bila ubaya wowote, "Wewe umeona?" Nikaingia haraka katika somo la choo cha kuvuta maji.

Ijumaa, 3 Oktoba. Lodwar.

Kila Ijumaa nakuja hapa na msafara wa magari unaosindikizwa na polisi, na kila Jumapili narudi nao. Nimepanga chumba Nawoitorong, kwenye nyumba ya wageni ya akina mama. Wenzangu kazini wananicheka: mtu ana kitanda cha bure Kakuma, anakwenda kulipia kingine Lodwar, na vumbi la huku na la kule ni lilelile. Wana haki ya kucheka. Lakini wao Jumamosi hukaa kwa lugha zao, Wakisii huku, Waluo kule, Wazungu wamekwenda Nairobi, na mimi Mtaita peke yangu nabaki nafua nguo ambazo ni safi. Afadhali nikae mpweke katika mji wa watu wasionijua.

Aregae, mama Mturkana anayetunza funguo, alinisalimu "Ejok" bila kuinua macho kwenye kikapu anachosuka. Nimemjua mwaka mzima na sidhani kama anajua jina langu.

Jumapili, 5 Oktoba. Kakuma.

Nimerudi. Hakuna mwenzangu kazini aliyejua kwamba sikuwepo.

Jumanne, 7 Oktoba.

Mpishi wetu alikuwa anawashia makaa kwa magazeti ya Mmarekani mmoja aliyemaliza kazi akaenda zake. Nimempokonya moja. Ni gazeti la matembezi, lenye picha za miji midogo ya Marekani ambako watu wa miji mikubwa huenda Ijumaa wakarudi Jumapili. Kila mji una tabia yake. Kuna Duluth, ambako daraja zima huinuka juu kama lifti ili meli ipite. Kuna Savannah, ambako miti imeota ndevu za kijivu. Santa Fe ni mji wa nyumba za udongo, tena wanaulinda udongo wao kwa sheria. Halafu nikafungua ukurasa wa mwisho, moyo ukaruka: Sioux Falls, mji wenye maporomoko ya maji katikati yake, na mawe yake ni ya rangi ya waridi. Huko ndiko anakopelekwa Nyadak. Sijui hata jina linatamkwaje.

Alhamisi, 9 Oktoba.

Leo ndiyo mara ya kwanza nimefundisha kitu nilichokuwa na hamu nacho. Nililibandika gazeti ubaoni, ukurasa baada ya ukurasa. Yien, kijana anayenitafsiria Kinuer, alikuja na kamusi yake kwapani na kutafsiri kila kitu kwa bidii. Juu ya kila picha kumeandikwa "getaway" kwa herufi kubwa. Yien alinyoosha kidole akasoma "getawei", akafungua kamusi, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika na kuendelea kutafsiri.

Nyumba za udongo za Santa Fe zilizua kicheko. Mzee mmoja aliuliza kwa nini basi asibaki hapa, udongo upo. Lakini nilipofika kwenye habari za Ijumaa na Jumapili darasa lilinyamaza. Nikadhani wanastaajabu. Nilijisifu moyoni kwamba nimefundisha vizuri. Nyadak aliinuka kabla ya kipindi kwisha akatoka.

Jumatatu, 13 Oktoba.

Somo la baridi. Nilipitisha kipande cha barafu mkono kwa mkono hadi kikaisha. Nyadak alikishika muda mrefu kuliko wote.

Jumatano, 15 Oktoba.

Niandike kuhusu chai. Tangu muhula uliopita, Nyadak alipokuwa akisaidia kusafisha darasa, amekuwa akija kwangu jioni. Anaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, anakunywa vikombe viwili vyenye sukari nyingi kupita kiasi, na tunaongea. Kiswahili chake amekiokota hapa kambini, lakini kinatosha kunicheka. Ni mtu wa pekee Turkana nzima ambaye nikichelewa ananiuliza nilikuwa wapi.

Ana jambo moja linaloniudhi. Haagi. Chai ikiisha, anainuka na kwenda. Hasemi kwaheri wala kesho wala nitarudi. Kwetu hata anayekwenda kuchota maji husema narudi sasa hivi. Leo nilimkomalia, nikamwuliza kesho atakuja au haji. Alinitazama kama nimemtukana, akaondoka.

Alhamisi, 16 Oktoba.

Amekuja.

Ijumaa, 24 Oktoba. Lodwar.

Mawingu, Lodwar! Watu wametoka madukani kuyatazama. Redio inasema mvua za mwaka huu zitakuwa si za kawaida. Nimenunua vitunguu nisivyovihitaji.

Jumatatu, 27 Oktoba. Kakuma.

Nyadak hakuja darasani. Baada ya kipindi Yien aliniambia, akichezea kamusi yake, kwamba Nyadak amemwambia mwenyekiti wa eneo lao haendi Marekani. Maofisa wa safari watakuja Jumatatu ya tarehe kumi Novemba kuwauliza watu kwa mara ya mwisho. Asiyetokea siku hiyo, au akitokea akakataa, nafasi yake atapewa mwingine, na haitarudi tena. Nikamwuliza Yien sababu. Akasema, "Ni ile mambo ya getawei, mwalimu."

Jumanne, 28 Oktoba.

Nilikwenda kwake, karibu na Tarach, lagga isiyo na maji ila mvua ikinyesha. Ni nyumba ya udongo ya chumba kimoja, na mlangoni kulikuwa na kitanda. Kitanda hicho alikisuka mwenyewe kwa nyuzi alizofumua kutoka kwenye magunia ya mahindi ya msaada, na kwenye kamba bado unaona vipande vya herufi za Kiingereza na nyota za bendera ya Marekani. Huwa namtania kwamba yeye analala Marekani tayari.

Leo hakucheka. Aliniambia alivyoelewa lile gazeti. Kwamba Marekani, kila Ijumaa, watu wanakimbia. Wanaacha nyumba zao katika miji mikubwa na kukimbilia miji midogo, na miji hiyo imezoea wakimbizi hadi ina vitanda vya kukodisha. Na Sioux Falls ni mmoja wa miji hiyo.

"Mimi nimekimbia Nasir," alisema, akimaanisha mji wao. "Nimekimbia kambi ya Itang. Nimerudi Nasir, nimekimbia tena. Mimi nimechoka, mwalimu. Hata kukimbia ya siku mbili sitaki."

Hapo ndipo nilipoelewa kimya cha darasa. Kamusi ya Yien imesema kutoroka, naye akatafuta neno la Kinuer la kutoroka, na kwa Kinuer cha watu hawa kutoroka ni usiku, risasi na mtoto mgongoni. Kosa si la Yien. Lile neno ndivyo lilivyo hasa. Wamarekani wenyewe ndio wameamua kulitumia kwa raha. Nilimweleza Nyadak polepole. Nikasema ni matembezi tu, mtu amechoka na kazi, anakwenda mahali pazuri anakula samaki, analala, anarudi kwake.

"Anarudi," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Na kitanda yake anakuta?"

Nikasema anakuta, ndiyo maana ya matembezi. Aliniuliza tena lile swali lake la siku ya kwanza, kama nimeona. Kisha akasema yeye hajawahi kutoka mahali akarudi akakuta kitu. Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayetaja urefu wa barabara.

Jumatano, 29 Oktoba.

Nimetafakari siku nzima. Akibaki, nitakuwa na mtu wa kunywa naye chai. Huo ndio ukweli na nimeuandika ili uache kunizungukazunguka. Lakini anabaki na nini yeye? Mgao wa unga na jua. Isitoshe, anabaki kwa sababu ya neno lililosomwa vibaya katika darasa langu.

Mchana nilipata wazo, na nilicheka peke yangu jikoni hadi mpishi akageuka. Mimi mwenyewe si kila wiki natoroka?

Jumatatu, 3 Novemba.

Mvua usiku. Asubuhi Tarach ilikuwa na maji ya kahawia, kidogo, yanatembea kwa adabu. Nimemwombea Nyadak kibali cha kutoka kambini Ijumaa hadi Jumapili. Bosi wangu aliuliza sababu. Nikasema mafunzo.

Alhamisi, 6 Novemba.

Nyadak amekubali kwenda nami Lodwar, baada ya siku tatu za kubembelezwa. Nilimwambia abebe nguo ya kulalia na kanga tu, kila kitu kingine akiache, kwa sababu Jumapili jioni atakikuta. Nimeahidi. Pontien, Mrundi anayeishi nyumba ya pili kutoka kwake, amesema ataangalia mlango.

Ijumaa, 7 Novemba. Lodwar.

Tumefika. Nyadak alikuja na furushi kubwa kuliko yeye. Sufuria, blanketi, jembe lisilo na mpini, picha moja iliyofifia. Aliacha kitanda tu, kwa kuwa hakiingii kwenye furushi.

Aregae alimtazama Nyadak alivyo mrefu, akatazama kitanda changu, akaenda kuleta mkeka. Kwa mara ya kwanza niliuliza Lodwar ni mji wa namna gani, kwa sababu mgeni wangu aliniuliza na sikuwa na jibu. Tulitembea sokoni jioni. Tukaanza kuuandika kama gazeti, mimi nikisema sentensi na yeye akirekebisha. Lodwar: mji wenye mlima mdogo uliokaa kama mtu aliyesusa. Njoo ununue kikapu kwa mama asiyetaka kukiuza. Nyadak akaongeza kwamba mbuzi wa hapa wanavuka barabara bila kutazama, kama watu wa ofisi. Tulicheka hadi wauza mkaa wakatucheka sisi.

Jumamosi, 8 Novemba. Kalokol na Lodwar.

Tulipata nafasi kwenye lori la samaki hadi Kalokol. Harufu ilitupokea kabla ya mji. Kalokol: mji wa samaki waliolala juani na watu waliolala kivulini. Njoo na leso ya pua, utaisahau baada ya nusu saa.

Tulitembea mbali hadi kwenye maji, kwani ziwa limerudi nyuma sana. Nyadak ni mtu wa mto, amezaliwa kando ya Sobat. Alivua viatu, akaingia hadi magotini na kusimama. Nilidhani atasema kitu kizuri. Alisema, "Hii maji ni chumvi," akatema. Kisha akabaki humo muda mrefu.

Tulikula samaki wa kukaanga kwa mikono, tumekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Alinisimulia pale. Walipokimbia Nasir mara ya kwanza mama yake hakuweza kutembea. Wakamweka kwenye kibanda cha jirani, na Nyadak akamwambia mama, nitarudi. Alikuwa na nia ya kurudi. Alifika Itang, akaolewa, mume akafa, Itang nayo ikakimbiwa, akarudi Nasir na hakukuta kibanda wala jirani wala mtu wa kumwuliza. Tangu hapo neno hilo halitoki kinywani mwake. Anaona lilimdanganya mama yake.

Nami mwezi mzima nilimnung'unikia kwamba haagi. Nilimwomba radhi. Akasema nile, samaki anapoa.

Jumapili, 9 Novemba. Lodwar.

Mvua ilianza alfajiri na haikuwa mvua ya kwetu, ya kunyesha na kusikiliza. Hii ilimwagwa. Saa nne tulikuwa kwenye msafara, ukingoni mwa Kawalase, lagga ambayo Ijumaa tuliivuka mchanga mkavu. Leo ni mto. Maji yalikuwa yanapita na miti mizima, na mbuzi mmoja aliyekufa, na mlango wa nyumba ya mtu ukiwa na kufuli yake. Madereva walizima injini. Polisi walisema tusubiri, kisha wakasema turudi.

Nyadak aliketi chini juu ya furushi lake na kutazama ng'ambo. Kesho ni siku ya maofisa. Kibali kinaisha leo. Nilikwenda kwa dereva, nikaenda kwa polisi, nikaenda kwa mtu wa trekta, nikapaza sauti kwa watu ambao hawakuwa na kosa. Niliporudi, nimelowa chapachapa, aliniambia kwa upole, "Unaona, mwalimu. Mimi nilijua."

Niliwahi kumwahidi mtu kitu kimoja tu mwaka huu, na kilikuwa hiki. Niliogopa kwa ajili ya nafasi yake Marekani, ndiyo, lakini niliogopa zaidi ile sauti yake ya upole. Nilitamani anitukane. Tulirudi Nawoitorong kwa miguu. Aregae alitutazama, akaweka maji motoni bila kuombwa, na akatuletea kitanda cha pili kutoka chumba kingine. Usiku Nyadak hakulifungua furushi lake. Alilala na viatu.

Jumatatu, 10 Novemba. Lodwar.

Bado maji. Tulisimama ukingoni toka asubuhi hadi jioni. Leo ndiyo leo, na sisi tuko huku.

Watu wanasema Tarach pia imevunja kingo na nyumba za chini Kakuma zimekwenda. Nyumba za chini ndiko kwao. Hakuna njia ya kujua. Nilimwambia Nyadak. Alisema afadhali nyumba, maana nyumba ni udongo. Hakutaja kitanda, nami sikutaja.

Aliniuliza kitu ambacho sikukitarajia: mimi nikirudi Wundanyi nitakuta nini. Nikafikiri. Mama ameshakufa, ndugu zangu wamegawana vyumba, na aliyekuwa anioe ameoa Voi. Nikasema sijui, sijaenda miaka mingi. Alinishika mkono, mikono yake ni mikavu na mikubwa, na tukakaa hivyo tukitazama mto kama wajinga.

Jumanne, 11 Novemba. Kakuma.

Maji yalishuka. Tulivuka kwa lori, matope hadi kwenye taa. Njiani Nyadak alikuwa ameinuka, amesimama nyuma ya lori ameshika chuma, anatazama mbele.

Eneo lao limepigwa. Kuta zimeyeyuka, zimebaki nguzo na mabati yaliyolala. Nyumba yake ni rundo la matope. Nilisimama. Nilikuwa natafuta maneno, na kila neno nililolipata lilikuwa la kijinga.

Yeye hakuwa anatazama chini. Alikuwa anatazama juu. Kwenye mgunga ulio nyuma ya nyumba za Warundi, juu kabisa panapoanza matawi, kulikuwa na kitanda. Kimefungwa kwa kamba kwenye shina, miguu minne ikining'inia hewani, kimelala vizuri kabisa kama kuna mtu anakitumia. Pontien alitoka kwenye turubai lake na matope hadi kiunoni. "Mama, ukuta nimeshindwa," alisema. "Lakini nilisema, huyu mama ameenda tembea, atarudia kitanda yake. Nikaipandisha."

Nyadak alicheka. Alicheka akaketi chini matopeni, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikageuka tena kicheko, na Pontien akawa ananitazama mimi kuuliza kama amekosea. Kisha Nyadak akainuka na kusema, "Kiko." Alilitamka hivyo, sawasawa, kwa Kiswahili kisicho na kosa hata moja.

Maofisa? Ndege yao haikutua. Uwanja ni ziwa. Mvua iliyotufungia Lodwar iliwafungia wao huko walikotoka. Nimecheka peke yangu tena.

Alhamisi, 13 Novemba.

Maofisa wamefika. Waliuliza, Nyadak akasema anakwenda. Nimefurahi. Nimeliandika neno hilo nikalitazama, ni kweli nimefurahi, na pia nina uchungu ambao haupungui kwa chai.

Jumatatu, 17 Novemba.

Yien ametangaza darasani, kwa lugha zote anazozijua, kwamba getawei si kukimbia. Akatoa mfano wa mwalimu na Nyadak na kitanda cha mtini. Sasa kambi nzima inalitumia neno. Anayekwenda kliniki anasema yuko getawei.

Ijumaa, 21 Novemba.

Sikwenda Lodwar. Mvua.

Jumatano, 26 Novemba.

Tunafanya mazoezi ya kutaja jina la mji wake. Mgeni mmoja kutoka Nairobi amenifundisha: Su Folz. Muda wote huu nilikuwa nawafundisha Siokisi. Nyadak amesema nisijali, atakapofika atawasahihisha wao.

Alhamisi, 4 Desemba.

Anaondoka kesho. Jioni alikuja langoni na kitanda kichwani. Askari wa zamu alikataa kukiingiza, wakabishana, mimi nikatoka kwa kandambili kuamua. Akasema nikiweke chumba changu cha Lodwar, kwa sababu hapa kambini kitagawiwa. Nikamwambia Pontien ana watoto, angeweza kumpa. Akasema Pontien ameshasuka chake. Alikunywa vikombe vitatu. Akainuka akaenda, kimya, kama siku zote. Sikumnung'unikia.

Ijumaa, 5 Desemba. Kakuma, kisha Lodwar.

Uwanja wa ndege ulijaa watu. Wanawake waliimba, wazee walitemea watu mate ya baraka mikononi, watoto walikanyagana. Nyadak alivaa sweta ya msaada katika joto hili, na begi jeupe la karatasi za safari kifuani. Furushi lake lilikuwa dogo sana. Sufuria ameiacha kwa Pontien, jembe kwa Yien.

Tulikumbatiana, na mimi nikalia mbele ya wanafunzi wangu wote, mwalimu wa Marekani mzima. Yeye hakulia. Akaenda kwenye mstari, akapanda ngazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mgongo wake, kwa kuwa najua haagi. Lakini juu ya ngazi aligeuka. Injini zilikuwa zimeanza, akapiga kelele ili nisikie, na nikasikia.

"Mwalimu, nitarudi Jumapili."

Nikacheka, na yeye akacheka, na mlango ukafungwa.

Mchana nilipanda msafara, kitanda kimefungwa juu ya gari.

Jumamosi, 6 Desemba. Lodwar.

Nimefagia chumba. Mlima bado umesusa.

Jumapili, 7 Desemba. Lodwar.

Nilikwenda hadi kwenye msafara, nikawaambia waende, nitakuja kesho na lori lolote. Nikarudi. Nimekung'uta shuka na kutandika vitanda vyote viwili, changu na kile cha nyuzi za magunia, na kikombe cha pili nimekiweka karibu na sukari.

Aregae alikuja na ufunguo wa akiba, akasimama mlangoni na kikapu chake. "Mghoi," alisema. Kumbe analijua jina langu. "Hii kitanda ingine ni ya nani?"

Nikamwambia kina mwenyewe, ametoka kidogo, alisema atarudi Jumapili.

"Leo ni Jumapili," alisema Aregae.

Nikamwambia najua. Alifikiri, akaingia ndani, akaigeuza ndoo ya kuogea, akaketi juu yake, na kuendelea kusuka.